Shamba Darasa: Elimu ya Chakula Katika Udongo Mkavu wa Dodoma

Uwanda wa kati wa Tanzania hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mawingu huanza kukusanyika mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, na ifikapo mwisho wa Aprili mbingu hufungwa tena. Kwa wastani ardhi ya Dodoma hupokea milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, nazo haziji kwa mpangilio. Hunyesha kwa nguvu siku chache, maji yakakimbilia makorongoni. Kisha jua huwaka majuma mawili au matatu mfululizo, mara nyingi wakati ule ule mazao yanapotaka kutoa masuke. Kwa familia inayolima kwa jembe la mkono, majuma hayo ndiyo yanayoamua kama ghala litafika mavuno mengine au litakuwa tupu kabla ya mvua za mwaka ujao.

Mahali kama hapa, elimu ya kilimo ni suala la uhai. Ndiyo maana katika makala hii tunapenda kueleza namna vyuo na vituo vya utafiti vinavyojifunza pamoja na wakulima juu ya chakula kinachostahimili ardhi hii, na kwa nini mafunzo hayo huzaa matunda pale tu mkulima anapohesabiwa kuwa mtafiti mwenza. Historia ya Ugogo yenyewe inatufundisha gharama ya kumsahau.

Njaa mbili na somo moja

Masimulizi ya Wagogo yamehifadhi jina la njaa kuu iitwayo Mtunya, iliyolikumba eneo hili kati ya mwaka 1917 na 1920. Ukame ulikuwepo, lakini haukuwa peke yake. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipita katikati ya nchi. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mifugo iliyokuwa akiba ya kila kaya ikapungua, mikono ya kulima ikakosekana, kisha mvua zikashindwa na homa kali ya mafua ikafuata. Wazee wa Ugogo walikuwa na maarifa mengi ya kuuvuka mwaka mbaya: kutawanya mifugo kwa ndugu na marafiki wa mbali, kulima mashamba mahali tofauti, kukausha mboga za porini. Vita viliondoa nyenzo zote ambazo maarifa hayo yalizitegemea.

Somo la pili lilikuja miaka thelathini baadaye, safari hii kwa jina la maendeleo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Kongwa ikawa kituo chake cha kwanza. Baada ya vita Ulaya ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na wapangaji waliona katika nyika ya Tanganyika ardhi tupu inayosubiri matrekta. Lengo lilikuwa kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu. Udongo wa Kongwa ulikuwa na majibu yake: baada ya mvua hukauka ukawa mgumu kama sakafu, na mchanga wake ulizila mashine kwa kasi. Mvua nazo hazikufuata ratiba ya ofisini. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, baada ya kupoteza takribani pauni milioni 36 za wakati huo.

Watu waliokuwa wakiishi katika ardhi ile walijua tabia ya udongo na ya mvua. Hata hivyo, mpango ulichorwa mbali nao, nao wakaitwa kuwa vibarua. Fedha zilikuwepo, wataalamu walikuwepo na mashine zilikuwepo. Kilichokosekana ni shamba dogo la majaribio lililopewa misimu ya kutosha, na masikio ya kumsikiliza mwenyeji kabla ya kuanza.

Shamba la chuo linapovuka uzio

Kila chuo cha kilimo kina shamba lake, na lina kazi ya lazima. Kituo cha Hombolo, ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kwa miaka mingi kimeshughulikia mtama na uwele kwa ajili ya maeneo makame. Katika mashamba ya namna hiyo mbegu hupandwa katika vipande vidogo vinavyolingana, aina moja ikarudiwa mara kadhaa mahali tofauti ili tofauti ya rutuba isimdanganye mtafiti. Humo zimepita mbegu ambazo majina yake yanabeba matumaini: Okoa na Shibe kwa upande wa uwele, Tegemeo, Pato, Macia, Wahi na Hakika kwa upande wa mtama. Wahi na Hakika zilichaguliwa kwa kuwa zinastahimili kiduha, gugu lenye maua mazuri linalojishikiza kwenye mizizi ya mtama na kuinyonya.

Lakini shamba la kituo lina mipaka yake. Lina uzio, lina vibarua wa kupalilia kwa wakati, na mavuno yakikosekana hakuna anayelala na njaa. Shamba la mkulima lina mbuzi wa jirani, lina mama anayelima huku akiwa na mtoto mgonjwa nyumbani, na lina jembe moja kwa watu wanne. Mbegu iliyoshinda ndani ya uzio inaweza kushindwa nje, bila kosa la mbegu wala la mkulima. Kwa sababu hiyo ilizuka desturi ya shamba darasa: kipande cha ardhi kijijini, mara nyingi cha kikundi, ambapo wakulima na watafiti hupanda kwa njia mbili au tatu kando kwa kando, njia ya kawaida ikiwa mojawapo, kisha hukutana mara kwa mara kutazama, kupima na kujadiliana. Njia ya kawaida huachwa ili pawe na kipimo cha kulinganisha, na pia kama alama ya heshima, kwa kuwa nayo ina sababu zake.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984 kina nafasi ya pekee katika historia hii. Mwaka 1993 wakulima kutoka mikoa kadhaa walikutana Morogoro kwa msaada wa wanataaluma wa chuo hicho, wakaanzisha Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, unaojulikana zaidi kama MVIWATA. Nia ya mwanzo ilikuwa rahisi: wakulima wabunifu watembeleane, waoneshane kazi zao na wafundishane. Kaulimbiu yao, kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe, imesikika tangu hapo katika mikutano mingi ya vijijini.

Mashimo ya Chololo

Mfano bora wa elimu inayotoka shambani kwenda chuoni uko hapa hapa Dodoma. Kijiji cha Chololo, kilichopo umbali wa kilomita 40 hivi kutoka mjini, kimeipatia dunia ya wataalamu wa kilimo jina la mbinu: mashimo ya Chololo. Mbinu hiyo iliboreshwa na mkulima wa kijiji hicho, si na maabara.

Mashimo hayo huchimbwa kwa mistari inayokatiza mteremko. Kila shimo lina upana wa takribani sentimita 22 na kina cha sentimita 30. Kati ya shimo na shimo huachwa sentimita 60, na kati ya mstari na mstari sentimita 90. Udongo unaotolewa huwekwa kuzunguka shimo kama ukingo mdogo wa kuyazuia maji. Ndani ya shimo huwekwa majivu ili kufukuza mchwa, kisha samadi na mabaki ya mazao, halafu udongo kidogo, na juu yake mbegu. Mvua ikinyesha, maji yaliyokuwa yakikimbilia korongoni hutuama ndani ya shimo na kuzama taratibu. Jua likiwaka majuma mawili, mmea bado una unyevu wa kunywa. Kuchimba ni kazi nzito kwa mwaka wa kwanza, lakini mashimo hutumika tena msimu unaofuata, na kila mwaka huhitaji kufukuliwa tu na kuongezewa samadi.

Watafiti walipoikuta mbinu hiyo waliipima, wakaiandika na kuieneza. Baadaye, kati ya mwaka 2011 na 2014, Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini cha Dodoma kiliongoza mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya katika kijiji hicho hicho. Pamoja na wadau wengine, kikiwemo kituo cha Hombolo, wanakijiji walijaribu mbegu zinazokomaa mapema, jembe la kukokotwa na ng'ombe linalopasua udongo bila kuugeuza, makinga maji, ufugaji wa nyuki na wa samaki, na njia za kuhifadhi maji chini ya mchanga. Yote hayakupokelewa kwa kiwango sawa, na ndivyo inavyopaswa kuwa: kijiji kinachojifunza kina haki ya kusema ndiyo na pia hapana.

Ilolo na Idifu

Kati ya mwaka 2013 na 2018 SUA, kwa kushirikiana na taasisi za Ujerumani zikiongozwa na kituo cha utafiti cha ZALF kilichopo Müncheberg, iliendesha mradi ulioitwa Trans-SEC. Vijiji viwili vya mradi huo, Ilolo na Idifu, vimo katika Wilaya ya Chamwino. Vingine viwili vilikuwa Kilosa, kwenye mvua zaidi, ili mazingira hayo mawili yalinganishwe. Watafiti walianza kwa kuuliza chakula kinapita njia gani tangu shambani hadi mezani, na kinapotea wapi. Kisha mbinu kadhaa zilijadiliwa na wanakijiji, nao wakajiunga katika vikundi kulingana na mbinu waliyotaka kuijaribu.

Mojawapo ya mbinu hizo ni matuta yaliyofungwa. Mkulima huinua matuta yanayokatiza mteremko, kisha katika mfereji ulio kati ya tuta na tuta huweka vizuizi vidogo vya udongo kwa kuachanisha nafasi. Shamba lote hugeuka kuwa mabeseni mengi madogo, na tone la mvua hubaki pale lilipoanguka. Pamoja na hilo, kiasi kidogo sana cha mbolea huwekwa karibu na shina lenyewe badala ya kumwagwa shamba zima. Kwa mkulima mwenye fedha za mfuko mmoja tu, tofauti hiyo ni kubwa. Kasoro yake ni jasho: kuinua matuta ni kazi ngumu kuliko kulima sesa, na kaya isiyo na nguvu kazi haiwezi kuifanya bila msaada. Udhaifu wa namna hii haujitokezi katika shamba la chuo. Hujitokeza pale mjane anapoonesha ukubwa wa eneo alilomudu kwa siku moja.

Mbinu nyingine zilihusu yanayofuata baada ya mavuno na yanayotendeka jikoni: mashine ya kupura uwele, mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa ili wadudu wafe wenyewe bila dawa, majiko banifu yanayopunguza kuni, na bustani za mboga katika viroba zinazoweza kumwagiliwa kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Utafiti wa chakula usioingia jikoni huishia nusu ya safari.

Kilicho sahanini

Hapa tunagusa swali linalogawa mawazo katika kaya nyingi za Dodoma: mahindi au mtama? Mtama na uwele huvumilia ukame kuliko mahindi. Uwele una madini ya chuma na zinki kwa wingi kuliko mahindi. Viongozi wa serikali wamewahimiza wakulima mara nyingi kurudi kwenye nafaka hizo. Hata hivyo, mahindi yanaendelea kupandwa, na si haki kumwita mkulima mkaidi kabla ya kumsikiliza.

Sababu zake ni za kweli. Mtama na uwele huiva wazi juu ya bua, nao kweleakwelea huushukia kama wingu; shamba lisipolindwa tangu alfajiri hadi jioni hubaki makapi, na wanaolinda mara nyingi ni watoto ambao wangepaswa kuwa darasani. Suke la hindi limefunikwa na maganda yake. Kupura na kukoboa uwele kwa kinu ni kazi ya saa nyingi, na mzigo huo huwaangukia akina mama. Mahindi yana mashine ya kusaga kila kona na mnunuzi kila soko. Mwishowe ipo aibu: kwa vizazi viwili ugali mweupe umehesabiwa kuwa chakula cha mtu aliyeendelea, na ule wa uwele chakula cha maskini.

Tukiyatazama hayo, tunaelewa kwamba mbegu bora ni sehemu tu ya jibu. Kinahitajika pia kinu cha mashine karibu na nyumbani, ulinzi wa pamoja dhidi ya ndege, soko linaloaminika, na heshima kwa chakula chenyewe. Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa jamii hii ya nafaka, ishara kwamba ulimwengu unaitazama upya nafaka iliyodharauliwa.

Heshima hiyo ina mizizi hata katika Injili. Katika masimulizi ya kulishwa kwa umati, Mwinjili Yohane peke yake anatueleza kwamba mikate mitano ya yule kijana ilikuwa ya shayiri. Shayiri ilikuwa nafaka ya bei nafuu, chakula cha watu wa kawaida. Kristo hakuikataa wala hakungoja ngano. Aliipokea, akashukuru na kuigawa, kisha akaagiza mabaki yakusanywe ili kisipotee kitu.

Pembeni ya ugali wa uwele kuna mlenda, mboga inayochumwa msimu wa mvua, ikakaushwa na kutwangwa ili itumike kiangazi, pengine pamoja na karanga. Kuna kunde na majani yake, kuna njugu mawe zenye protini nyingi, kuna ubuyu wenye vitamini C. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonesha kwamba takribani asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Udumavu hautokani na tumbo tupu tu, bali hata na sahani ya aina moja ya chakula siku zote. Bibi anayejua majani yapi huchumwa mwezi gani ana elimu ambayo mtaalamu wa lishe anaihitaji, na mtaalamu anayejua kwa nini mtoto wa miezi minane aongezewe karanga kwenye uji ana elimu ambayo bibi anaihitaji.

Haki katika utafiti

Waraka wa Kitume wa Hayati Baba Mtakatifu Francisko, Laudato si', uliotolewa mwaka 2015, unatambua katika aya ya 129 kwamba mifumo midogo midogo ya uzalishaji ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya watu duniani. Katika aya ya 183 unasisitiza kwamba wenyeji wa mahali wana nafasi ya pekee kwenye meza ya majadiliano, kwa kuwa wao ndio wenye kujali kesho yao na ya watoto wao. Mafundisho hayo yanadai mambo matatu ya wazi kwa kila anayekwenda kijijini na daftari la utafiti.

La kwanza ni kuhusu hatari. Jaribio likishindwa, mtafiti amepata matokeo ya kuandika. Mkulima amepoteza chakula cha watoto. Basi jaribio lianze na kipande kidogo, na mkulima asihimizwe kamwe kuweka shamba lake lote katika jambo ambalo halijapita msimu mbaya.

La pili ni kurudisha matokeo. Vijiji vingi vimehojiwa mara nyingi bila kuelezwa kilichogunduliwa. Matokeo yaliyoandikwa kwa lugha ya kigeni na kuwekwa maktabani hayajakamilisha safari yake hadi yasomwe kwa Kiswahili, na inapowezekana kwa Kigogo au Kirangi, mbele ya wale waliotoa muda na ardhi yao.

La tatu ni uendelevu. Miradi hukoma, mara nyingi baada ya miaka mitatu au mitano. Kitakachobaki baada ya magari kuondoka ni kikundi kinachojua kujaribu, kupima na kufundishana chenyewe.

Nafasi ya jumuiya zetu

Hapa ndipo waamini wanapoweza kuchangia jambo ambalo vyuo havina. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hukutana kila juma, mwaka baada ya mwaka, bila kusubiri ufadhili. Jumuiya yenye kaya kumi na tano inaweza kutenga kipande kidogo cha ardhi, hata robo ekari, na kupanda nusu yake kwa mashimo au matuta yaliyofungwa na nusu nyingine kwa kawaida. Ianze kabla ya mvua, maana mashimo huchimbwa Septemba na Oktoba. Iandike katika daftari siku ya kupanda, siku za mvua, siku za jua kali na debe zilizovunwa kila upande. Imwalike afisa ugani wa kata kuja kutazama, na ijipange kwa zamu kuwafukuza ndege ili watoto wabaki shuleni. Wakati wa maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nzuguni, wajumbe wawili wanaweza kwenda kuviona vipando na kuwauliza watafiti maswali yanayotoka kwenye daftari hilo.

Akina mama wa WAWATA wanaweza kufanya mlenda, kunde na uwele kuwa sehemu ya chakula cha sherehe za parokia, ili watoto waone kwamba chakula cha mababu kinafaa kuwekwa mbele ya wageni. Wakati wa kutoa mavuno kama sadaka ya shukrani, debe la uwele lipokelewe kwa heshima ile ile ya mfuko wa mahindi.

Vijana wetu wanaosoma katika vyuo vikuu nao wana wajibu. Wengi wao walisomeshwa kwa mbuzi waliouzwa na kwa magunia ya alizeti kutoka katika vijiji hivi hivi. Warudipo likizo, wakae na wazazi wao shambani wakiwa na maswali kabla ya kuwa na majibu. Desemba itakapofika na tone la kwanza kuanguka juu ya udongo wa Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa, kinachotakiwa ni shimo lililokwisha kuchimbwa, mbegu iliyokwisha kuchaguliwa, na majirani waliokwisha kukubaliana nani atalinda ndege siku ipi.